Kabla hujanunua redio ya laki na ushee, tundika waya kwanza

Wiki iliyopita msee mmoja wa Mwingi alinitumia ujumbe. "Sasa siz. Nimeweka doo miaka miwili. Nimeuza ndengu, nimerekebisha simu za watu, hata mbuzi wawili wameenda. Nataka ile Icom IC-7300. Nikishainunua, naanza aje?" Akaambatanisha picha ya hiyo redio, ile ina skrini ya rangi inaonyesha mawimbi yakishuka kama maji.

Nilimjibu kitu ambacho hakupenda: usinunue. Bado.

Akasoma, alama za buluu zikaonekana, akanyamaza. Namwelewa. Mtu akikusanya pesa miaka miwili halafu umwambie angoje, anaona kama unamwonea wivu. Kwa hivyo acha nimjibu hapa, kwa urefu, maana najua kuna wengine Kitui na Makueni wanaangalia hizo video za redio usiku na bando la mwisho, wakifikiri shida yao pekee ni pesa.

Kwanza, kwa wale mnashangaa tunaongea kuhusu nini. Kuna redio ya kusikiliza, ile ya Susu ya betri. Halafu kuna redio ya kusikiliza na kutuma, yaani transiva. Watu wenye leseni huitumia kuongea na wenzao, kata ya jirani au bara lingine, bila laini ya simu, bila bando, bila kampuni yoyote katikati. Hiyo ndiyo redio ya ridhaa. Si ya biashara, si ya kupiga muziki, si ya kampeni. Ni ya kujifunza, kujaribu mitambo, na kusaidia mambo yakiharibika. Hizo transiva kali kama IC-7300, ambayo ilitoka mwaka 2016, hutuma hadi wati 100 na huchuja kelele kwa kompyuta iliyo ndani yake. Bei yake ni zaidi ya laki moja hata kabla hujaongeza usafiri na ushuru.

Ni redio nzuri, sikatai. Ninachokataa ni kuanzia hapo.

Kwa nini hii stori inanihusu

Baba ni wa Mbooni, mama ametoka Kitui. Kwetu tuko upande wa Makueni na Susu yuko ng'ambo, huko ndani, ng'ambo ya mto Tiva. Mvua ya Aprili 2024 mnaikumbuka. Mto ulijaa, barabara ikakatika, na mlingoti wa simu wa eneo lake, ile sisi tunaita busta, ukazima. Siku tatu tulipiga simu na kila mara tukaambiwa mteja hapatikani. Mama hakulala. Siku ya nne mtu wa bodaboda alipata njia ya kuzunguka, akarudi na habari: Susu yuko sawa, anapika isyo, anauliza kwa nini hatupigi simu.

Tulicheka, lakini kile kicheko kilikuwa na machozi ndani. Kwa siku tatu hakuna mtu kati ya pale na hapa, kilomita chache tu kwa ndege, aliyeweza kusema sentensi mbili: "Ni mzima. Ana chakula."

Na sisi tunajua mito yetu. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lilisombwa kwenye mto Enziu, hapo Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Walikuwa wanaenda harusi. Sisemi redio ingewaokoa, hilo lingekuwa kuwadanganya na kuwakosea heshima marehemu. Nasema tu kwamba mito yetu ya msimu hujaa na mvua iliyonyesha juu, mahali wewe hukuona hata wingu. Habari ya aliye juu ya mto ni muhimu kwa aliye chini. Na habari hiyo mara nyingi hupitia kwa busta moja inayotegemea stima na betri.

Hapo ndipo nilianza kuuliza watu kuhusu redio. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja upande wa Wote, mstaafu, ambaye amekuwa na leseni kwa miaka mingi. Kituo chake kina jina linaloanza na 5Z4, maana hiyo ndiyo alama ya vituo vya ridhaa vya Kenya. Nilienda na kamera nikidhani nitarekodi video ya dakika mbili nirudi. Nimekuwa nikienda kwake zaidi ya mwaka sasa.

Siku tulibadilisha waya

Mzee ana redio mbili. Moja ni transiva mpya, kali, ya aina ambayo huyu msee wa Mwingi anataka. Nyingine ni redio kuukuu ya kusikiliza tu, vitufe vimepauka, pembeni imefungwa na gundi. Mimi, kama mtoto wa siku hizi, nikakimbilia ile mpya.

Mzee akacheka. "Sawa, msichana wangu. Hiyo ni yako leo."

Akachukua kipande cha waya wa mita tano, akakipitisha ndani ya nyumba, chini ya mabati, akakichomeka kwenye redio mpya. Kisha akachukua waya uliotoka nje, ule umening'inizwa kati ya miembe miwili, akauchomeka kwenye redio kuukuu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Zote mbili akaziweka kwenye megahezi 14.100.

Kwenye masafa hayo kuna kitu kizuri sana ambacho sikukijua. Kuna vituo 18 duniani vinavyopokezana zamu kutuma jina lao kwa alama za Morse, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko mzima huisha kwa dakika tatu. Lengo ni kukuonyesha mawimbi yanafika wapi saa hiyo. Kenya imo kwenye orodha, jina lake ni 5Z4B. Kila kituo hutuma jina lake kwa wati 100, halafu mlio mrefu mmoja kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, na wa nne kwa wati 0.1. Sehemu moja ya kumi ya wati! Balbu ndogo ya tochi inatumia zaidi ya hiyo.

Redio yangu kali, kwenye waya wa chini ya mabati, ilitoa kelele kama mahindi yakikaangwa. Skrini ilikuwa inang'aa, rangi zote ziko, lakini hakuna kitu. Redio kuukuu ikaanza: ti-ti-ti-ti-taa. Mzee akasema hiyo ni Sri Lanka. Baadaye kidogo, Afrika Kusini. Nikahesabu milio ya Afrika Kusini: moja, mbili, na ya tatu ikiwa hafifu kama mtu anabisha mlango wa jirani. Hiyo ya tatu ni wati moja.

Halafu akabadilisha waya. Redio mpya ikapewa ule wa nje, na hapo nikaelewa kwa nini watu wanailipia. Sauti zikatoka safi, nikiminya kichujio kelele inapungua, kwenye skrini naona nani ameanza kutuma kabla hata sijamsikia. Redio kali kwenye antena nzuri ni raha. Redio kali kwenye antena mbovu ni tembe ya shilingi laki.

Hilo ndilo somo lote, ningeweza kuishia hapa. Redio haitengenezi mawimbi ambayo antena haijaleta. Ni kama kununua sufuria ya bei ghali wakati kisima kimekauka.

Milima yetu si kisingizio

Watu huniambia, "Lakini siz, Ukambani ni milima na mabonde, redio itapita wapi?" Swali zuri, na jibu linategemea masafa.

Zile redio ndogo za mkononi, za masafa ya juu, husafiri kama mwanga wa tochi. Kilima kikisimama katikati, basi. Mtu wa Kilungu hatamsikia wa ng'ambo ya Mutitu. Lakini masafa ya chini zaidi, kama megahezi 7, hufanya kitu kingine. Ukitundika waya chini chini, mita tano hadi nane kutoka ardhini, mawimbi hupanda karibu wima hadi kwenye tabaka la juu la anga liitwalo ionosfia, kisha hushuka kama mvua juu ya eneo la kilomita mia kadhaa kuzunguka. Hayapiti kwenye kilima, yanakuja kutoka juu. Bonde la Susu limo. Mbooni imo. Nairobi imo. Nimemsikia Mzee asubuhi akiongea na mwenzake wa Nairobi, zaidi ya kilomita 100, kwa nguvu ndogo kuliko ya pasi ya nguo, na sauti ilikuwa safi kuliko simu yangu.

Sasa ona uzuri wake. Antena inayofanya kazi hiyo ni waya wa kawaida. Unachukua 143, unagawanya kwa megahezi unazotaka. Kwa 7.1 unapata karibu mita 20. Unakata katikati, kila upande mita 10, katikati unaunganisha waya mnene wa kuingia ndani ya nyumba. Unaanza ukiwa mrefu kidogo, unapima, unapunguza polepole hadi ukubali. Makueni tuna miembe kila mahali. Kamba, waya, miembe miwili, na jirani mmoja wa kupanda. Hiyo ndiyo sehemu ya kituo inayobeba kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Mambo mawili usiyachezee. Usitundike waya wako karibu na nyaya za stima, hata kidogo. Na mawingu ya radi yakija, chomoa antena, toa nje. Usijifanye shujaa.

Kuna pia adui mwingine ambaye nilimkuta kwetu nyumbani. Mzee aliniazima redio ya kusikiliza. Kwa wiki tatu nilisikia kelele tu, nikafikiri imekufa. Akaja, akasikiliza dakika moja, akauliza, "Kontrola ya sola yenu iko wapi?" Akaizima. Kelele ikakatika kama mtu amefunga mlango, na sauti za watu zikatokea. Kale kaboksi ka bei rahisi kalikuwa kanatapika kelele kwenye masafa yote. Baadhi ya chaja za simu na balbu hufanya vivyo hivyo. Kwa hivyo kabla hujailaumu redio, zima vitu vya nyumba kimoja kimoja. Hiyo ni bure kabisa.

Na umeme pia uuhesabu. Transiva ya wati 100 ikisikiliza hutumia kama ampea moja tu. Ukibonyeza kutuma kwa nguvu zote, inaweza kuvuta karibu ampea 20 kwa volti 13.8. Kabetri ka taa za sola kataanguka hapo hapo. Ukiwa na laki moja na nusu ukaitumia yote kwa redio, utakuwa na boksi zuri mezani lisilo na betri, lisilo na antena, na lisilo na leseni.

Hapo kwa leseni tusidanganyane

Kutuma bila leseni ni kosa kisheria, Kenya hii. Leseni inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kuna pia chama, Amateur Radio Society of Kenya, ambacho kimekuwepo miaka mingi na ndicho mahali pa kuuliza taratibu zikoje sasa. Uliza kabla ya kuagiza mtambo wowote, si baada ya mzigo wako kukwama.

Mimi mwenyewe sijawahi kutuma neno hata moja. Nasoma bado. Kitufe cha kutuma nimekiangalia zaidi ya mwaka na sijakibonyeza. Wengine mtasema huo ni uoga. Mimi nasema masafa ni kama njia ya watu wote, na aliyejifunza kusikiliza ndiye anajua wapi pa kuvuka. Usiku mmoja unaweza kumkata mtu anayeomba msaada kwa sababu tu hukujua uko juu yake.

Lakini upande wa pili nao una lawama. Hii kitu imekaa kama klabu ya wazee na wageni wa Nairobi kwa muda mrefu mno. Msee wa Mwingi hajui aende wapi kuanza, ndiyo maana anaanza kwa muuzaji. Natamani chuo kama SEKU hapo Kwa Vonza, na polytechnic zetu za Wote na Kitui, ziwe na kituo cha klabu: antena moja, redio moja, mwalimu mmoja mwenye leseni. Redio kali moja ikitumiwa na wanafunzi arobaini ina maana kuliko redio arobaini zilizofunikwa vitambaa. Maskauti kote duniani wana siku zao za kuongea kwa redio kila Oktoba, Jamboree-on-the-Air. Shule zetu zina maskauti wengi tu. Ni nini kinatuzuia?

"Lakini Starlink ipo"

Najua mtaandika hivyo, kwa hivyo niwajibu mapema. Ndiyo, Starlink iliingia Kenya Julai 2023 na imesaidia sana vijijini. Kwa mambo ya kila siku, simu na intaneti zimeshinda, hakuna mashindano. Sitamwambia mama auze simu anunue waya.

Lakini tulishaonja. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika na Afrika Mashariki yote ikaanza kutambaa. Kila kitu tunachotumia kina mtu mwingine katikati, na yeye akianguka sote tunaanguka. Baada ya kimbunga Maria kupiga Puerto Rico mwaka 2017, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba waendeshaji 50 wa redio ya ridhaa waende kusaidia kupitisha habari za watu. Nchi yenye pesa zote hizo. Hawakuomba redio pekee, waliomba watu wanaojua kuzitumia. Redio unaweza kuinunua siku moja. Mtu wa hivyo huchukua miaka.

Na si ya majanga tu. Mwezi Mei 2018 satelaiti ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa, na wapenzi wa redio nje ya nchi waliikamata na kufungua picha zake nyumbani kwao. Ya kwetu! Halafu 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 ikaanguka Mukuku, hapa hapa Makueni, nasi tukabaki kusambaza uvumi kwenye magrupu. Anga iko juu ya vichwa vyetu kila siku. Ningependa kizazi chetu kiwe kinaisikiliza, si kungoja ituangukie.

Kwa hivyo unaanza aje?

Mwezi wa kwanza, usinunue chochote. Fungua tovuti ya WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi. Ni redio halisi, antena halisi, unaizungusha mwenyewe kwa simu yako. Sikiliza megahezi 7 usiku, 14 mchana. Jifunze watu wanaitana vipi, wanaagana vipi, nani ana adabu na nani hana.

Mwezi wa pili na wa tatu, tafuta redio ya kusikiliza ya bei nafuu au ya kuazima, na utundike waya wako wa kwanza. Utakosea. Waya wangu wa kwanza ulianguka juu ya kuku. Winda kelele za nyumba yenu. Andika kwenye daftari kila kituo ulichosikia, saa na masafa.

Wakati huo huo wasiliana na chama, soma, tafuta mwenye leseni aliye karibu ukakae naye. Nenda na heshima, na ikiwezekana na maembe.

Ukishapata leseni, nunua redio. Na hapo kama bado una hamu ya ile kali, inunue bila aibu. Utaijua inakufanyia nini, kila kitufe. Utasikia tofauti kwa masikio yako, si kwa maneno ya mtu wa video.

Ndugu yangu wa Mwingi, doo zako ziache benki. Wewe tayari unarekebisha simu, kwa hivyo nusu ya kazi unaijua. Kati ya kwenu na kwa Susu wangu kuna mito mingi. Siku busta ikizima tena, sitaki ukuwe mtu wa kuniambia ana redio kali. Nataka ukuwe mtu wa kuniambia, "Nimesikia kutoka huko. Ni mzima. Ana chakula."

Nilipomaliza kuandika hii nilimtumia aisome kwanza. Amejibu leo asubuhi, neno kwa neno: "Sawa siz. Waya ya mita 20 ni pesa ngapi?"

Nimemwambia aulize kwa fundi wa stima kama ana kipande kilichobaki. Wangu niliupata hivyo.